Litoke Gari au Nitoke Mimi

Tulikuwa tumeshaupita mzani wa malori, mji umebaki nyuma na makelele yake, mke wangu aliposema kutoka siti ya nyuma:

"Baba, mbona unakwenda kama unapeleka maiti?"

"Barabara mbaya."

"Barabara hii imewekwa lami juzi. Vumbi lake nimelila mwezi mzima. Kanyaga mafuta, mnunuzi anatungoja."

Nikakanyaga. Kidogo.

Kwa yule ambaye gazeti lake la wiki iliyopita lilifungiwa misumari dukani kabla hajalisoma, nitafupisha. Mimi ni mzee, watu huniita Kiguu, maana ni kiguu na njia tangu sijaota ndevu. Kusoma nilijifunza mji mmoja, kuandika mji mwingine, hesabu sikufika mji wake. Nimebeba mizigo kwenye reli, nimeendesha malori, kisha nikamwendesha Bosi wangu miaka kumi na minane katika gari lake jeusi, refu, la kifahari, ambalo watoto walikuwa wakiliona wanaacha mpira. Bosi alipokufa aliniachia gari hilo kwa barua.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Natoka kununua sabuni, narudi baada ya siku tisa. Mama mkwe wangu alikufa na akazikwa mimi nikiwa mwendo wa siku mbili, simu imezimwa, nimekwenda kutazama daraja jipya lililosifiwa na madereva wenzangu.

Lilikuwa daraja zuri, siwezi kusema uongo.

Niliporudi mke wangu hakulia wala hakunitukana. Alisema, "Litoke gari au nitoke mimi. Mwisho wa mwezi nipe jibu." Akaendelea kukunja nguo.

Niliwaambia pia kwamba walikuja wanunuzi watatu, na wote watatu walikimbia kwa sababu gari lilikohoa. Hapo nilificha kitu. Leo nakisema: lilikohoa kwa sababu nililikohoza.

Ni kazi ndogo. Unafungua boneti kabla mgeni hajafika, unauvuta waya wa plagi ya tatu kiasi cha upana wa ukucha. Injini itawaka, lakini itachechemea kama mtu aliyekanyaga mwiba. Mnunuzi akiisikia uso unamshuka. Mimi natikisa kichwa kwa huzuni, nasema, "Hata mafundi wamenyoosha mikono." Akishaondoka, narudisha waya mahali pake.

Mara zote tatu mke wangu alisimama mlangoni akinitazama ninavyotikisa kichwa. Nilidhani ananihurumia.

Basi siku hiyo mnunuzi wa nne alisema yeye haji, tumpelekee gari. Mke wangu akasema tunakwenda wote. Ikawa nitafute nafasi njiani. Tulipobakisha kona mbili tatu kufika, nikaegesha pembeni.

"Unasimamia nini?"

"Haja ndogo."

Nikashuka, nikafungua boneti.

"Haja ndogo siku hizi inaanza na boneti?"

"Naangalia maji! Gari la uzee hili, usipoliangalia maji linakuaibisha."

Mkono ukaenda wenyewe kwenye plagi ya tatu. Nikavuta. Waya haukutikisika. Nikavuta tena. Nikainama nitazame. Waya ulikuwa umefungwa kwa uzi wa chuma, mizunguko mitatu, ncha imesokotwa kwa koleo, juu yake umezungushiwa utepe mweusi vizuri kama kidonda cha mtoto wa tajiri.

Mkono ule niliujua. Mji mzima hakuna anayefunga namna ile isipokuwa Fundi Sikio. Tunamwita hivyo kwa sababu hutia ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akasikiliza kama daktari. Kinachoumwa atakutajia.

Sauti ikatoka dirisha la nyuma. "Hautoki, Baba. Nilimwambia akaze kwa koleo."

Nilibaki nimeinama. Hapakuwa na haja ya kuinuka haraka.

"Fundi ndiye aliyekuambia?"

"Aniambie nini? Injini inayougua siku ya mnunuzi tu, hiyo si injini, ni mtoto anayekwepa shule. Fundi nilimpeleka afunge, sikumpeleka aniambie."

"Kwa hiyo ulijua tangu wa kwanza?"

"Tangu wa pili. Wa kwanza nilikuamini."

Neno hilo la mwisho alilisema bila ukali, na ndilo lililoniuma. Nikafunga boneti, nikaingia, nikamtazama kwenye kioo.

"Una hasira?"

"Ningekuwa na hasira ningepanda basi. Wenzangu waume zao wana nyumba ndogo, wanakwenda kupigana na wasichana wenye nywele. Mimi nyumba yangu ndogo ina magurudumu manne. Nitaishika wapi? Nitaing'oa nywele gani? Washa twende."

Nikawasha. Injini ikaitika kama kijana.

Mnunuzi alikuwa amekaa akitungoja nje ya lango, kwenye kiti cha plastiki, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alikuwa mama mmoja, hakimu aliyestaafu. Jina lake alinitajia lakini mtaa wote humwita Hakimu, na mimi nitafuata mtaa. Umri wake na wa mke wangu ni mmoja, ila mgongo wake umenyooka zaidi, maana miaka yote alikaa kwenye kiti kirefu akitazama watu chini.

Aliinuka akalizunguka gari mara moja, mikono nyuma.

"Wewe ndiye mwenye gari?"

"Ndimi, Mheshimiwa."

"Limewahi kugonga?"

"Halijawahi."

"Kugongwa?"

"Mara moja, Mheshimiwa. Na baiskeli. Makosa yalikuwa ya baiskeli."

"Baiskeli ingesema hivyo hivyo?"

"Baiskeli ingesema kweli. Mwenye baiskeli ndiye aliyekuwa amelewa."

Mdomo wake ukacheza kidogo. Akanyoosha mkono. "Ufunguo. Nataka kuliendesha."

Sasa sikilizeni kosa langu, maana mengine yote yametoka hapo. Ningempa ufunguo, angeingia mbele, angepambana na klachi ile ngumu, angeona jinsi lilivyo refu kama treni, na pale pale kwenye kona ya lango angeghairi. Nilikuwa nimeshapiga hesabu hiyo. Lakini mtu mwenye cheo aliposimama karibu na gari lile, mguu wangu ulirudi nyuma hatua moja, mgongo ukanyooka, mkono ukafungua mlango wa nyuma. Miaka kumi na minane si mchezo.

Hakimu akautazama mlango. Akaitazama siti ya ngozi, imepasukapasuka lakini bado inang'aa. Akausahau ufunguo. Akaingia.

Mke wangu alikuwa ameshuka kuamkiana naye, sasa akabaki amesimama nje, siti ya nyuma imejaa Hakimu na mkoba wake na majalada yake.

"Mama, panda mbele basi," Hakimu akamwambia.

Mke wangu akanitazama. Tangu gari lile liwe langu hakuwahi kukaa mbele. Mimi ndiye niliyemwambia siku ya kwanza, "Kaa nyuma, mke wangu, ustarehe kama mke wa waziri." Alicheka, akakaa. Akaendelea kukaa huko huko. Tukazungumza kwa kioo, tukagombana kwa kioo, hata habari ya mama yake alinisimulia mimi nikiyaona macho yake tu, chini ya macho sijui mdomo ulikuwaje.

Akapanda mbele. Tukaondoka.

Nikawaza: bado nina nafasi. Nitamrusha huyu Hakimu mpaka kichwa kiguse paa. Nitavuta gia zilie. Nitafunga breki kama mwanafunzi.

Mguu ukakataa.

Bosi wangu alikuwa akinyoa ndevu kwa wembe humo nyuma, gari likienda, kila asubuhi, miaka kumi na minane. Hakuwahi kutoka damu. Alinifundisha hivyo kwa maneno machache: "Ukinikata, umejikata." Mguu uliofundishwa na wembe hauwezi kusahau kwa sababu ya mnunuzi mmoja. Mbele yetu likatokea shimo la kumwogeshea mtoto. Nikalielekea makusudi, meno nimeyauma. Mikono ikalikwepa. Nikalikosa kwa unene wa kidole, hata majalada ya Hakimu hayakuteleza.

"Kumbe barabara huonekana hivi," mke wangu akasema taratibu, kama anayejisemea.

Nyuma kukiwa na mtu, dereva hazungumzi.

"Dereva," Hakimu akaita.

"Mheshimiwa."

"Kwa nini unaliuza?"

"Macho, Mheshimiwa. Umri."

"Macho yaliyoliona shimo lile yanaona mpaka kesho kutwa. Mama, kwa nini anauza?"

Mke wangu hakugeuka. "Kwa sababu nimemwambia achague, gari au mimi."

"Na amekuchagua wewe?"

"Ndiyo tunakuja kujua leo."

Nilimwona Hakimu kwenye kioo, amevaa miwani sasa.

"Huyu ni mumeo au ni dereva wako?"

"Kwangu, Mheshimiwa, ni mgeni wa mara kwa mara."

Nilijaribu kucheka. Hakuna aliyenisaidia.

Hakimu akaniamuru nisimame penye kivuli cha ukuta. Nikasimama bila kuwashtua. Akafungua jalada moja, akalifunga.

"Nitawaambia nami shida yangu," akasema. "Nimetumikia mahakama kumi na moja. Kila moja naingia kwa barua ya uhamisho na kutoka kwa barua ya uhamisho. Leo nahukumu, kesho nafunga mizigo. Hakuna hata mji mmoja niliouaga. Watu wamefungwa kwa mkono wangu, wameachiwa kwa mkono wangu, sijui waliishia wapi. Nataka kwenda kuaga, mji kwa mji. Basi linaniumiza mgongo, gari dogo linaniumiza magoti. Hili nikikaa naweza kunyoosha mguu."

"Litakufaa sana," mke wangu akasema upesi. Macho yalikuwa yakimng'aa. Alishaliona tayari linatoka uani.

"Gari nalitaka," Hakimu akasema. "Bei mliyotaja siibishii. Lakini nilichokipenda si gari. Gari kama hili naweza kulipata. Nimependa linavyoendeshwa. Nalinunua na dereva wake, ama silinunui."

Ndugu msomaji, moyo wangu uliruka kama samaki. Miji kumi na moja! Huenda mitano katika hiyo sikuwahi kuikanyaga. Nikauma ulimi usitoke na jibu.

Mke wangu alikuwa amekunja mikono mapajani. Akasema, "Mheshimiwa, mimi nilikuja kuuza gari ili nibaki na mume. Wewe unaninunulia vyote viwili."

"Ndiyo maana nauliza mbele yako, mama. Ukikataa nashuka, sina kinyongo."

"Usiniulize mimi. Miaka yote nimekuwa nikijibu kwa niaba yake. Wageni wakija, amekwenda wapi? Najibu mimi. Mama yangu hospitalini, mkwe yuko wapi? Nilijibu mimi. Leo ajibu mwenyewe."

Kisha akageuka, akanitazama. Hapakuwa na kioo. Uso mzima ulikuwa pale, umbali wa mkono, na mdomo ulikuwa unatetemeka kidogo upande wa kushoto. Labda ulikuwa unatetemeka hivyo siku zote. Mimi nitajuaje?

"Baba," akasema. "Nitazame mimi. Usitazame barabara."

"Nakutazama."

"Unataka kwenda?"

Jibu lilikuwa moja. Nalijua hata leo, nalijua nikiwa usingizini. Mtu mzima mwenye akili angesema, "Hapana, mama, twende nyumbani." Maneno manne, na hesabu hiyo hata mimi niliiweza.

Mimi nikasema, "Miji yenyewe ni kumi na moja tu. Haizidi miezi mitatu."

Mke wangu akatikisa kichwa kama mtu aliyehakikishiwa bei aliyoidhania.

"Sikukuuliza ni mingapi," akasema.

Akafungua mlango mwenyewe. Nikakurupuka nizunguke nimshikie, nikachelewa, alishasimama nje akinyoosha nguo. Akainama dirishani.

"Mheshimiwa, umepata dereva. Hali chakula kwa wakati, anakoroma, na akiona daraja ataomba msimame. Fedha za gari nimtume nani azifuate?"

"Nitakuletea mwenyewe, mama. Panda tukurudishe kwanza nyumbani."

"Ahsante. Kituo cha basi nimekiona pale."

Akaenda. Hakwenda kwa haraka wala hakutazama nyuma. Mkoba wake ulikuwa mdogo, alikuwa hata hajanunua maji ya njiani.

"Mzee," Hakimu akasema. "Mfuate."

"Akikasirika hafuatwi, Mheshimiwa. Huachwa apoe. Namjua."

Huo ulikuwa uongo, na niliusema mbele ya hakimu. Simjui akikasirika, kwa sababu kila akikasirika nilikuwa njiani. Ukweli ni huu, nauandika kwa mkono wangu: niliogopa kwamba nikimfikia nitabaki. Nilisimama kando ya mlango uliofunguliwa mpaka basi likaja. Likapakia watu wanne na yeye. Likaondoka.

Nikafunga mlango. Nikakaa kwenye usukani.

"Tunaanzia mahakama ipi, Mheshimiwa?"

Hakimu akavua miwani. Halafu akasema, "Ningekuwa bado kazini, mzee, ningekupa nafasi ya kujitetea."

"Nisingekuwa na la kusema."

"Najua. Kata kulia."

Huu sasa ni mwezi wa tano tangu tuondoke. Nitawaeleza yaliyompata kila mmoja, bila kutia chumvi.

Fundi Sikio yupo gerejini kwake. Simu yangu hapokei. Watu wakimuuliza kwa nini alinifungia ule waya, anasema mteja ni mfalme, na mteja siku hiyo alikuwa mke wangu.

Gari lilibadilishwa klachi katika mji wa tatu na rejeta katika mji wa sita. Linakunywa mafuta kuliko zamani. Mlango wa nyuma kushoto haufunguki tena kwa ndani.

Hakimu ameaga mahakama nane. Moja imekuwa ghala la mbolea, akaingia akaaga magunia. Kwenye mji wa nne mtu aliyemfunga miaka saba alimpa kiti na kumwonyesha wajukuu zake. Mji wa tano hakuna aliyemkumbuka. Goti lake la kulia limevimba, daktari amemwambia apumzike wiki mbili. Kwa hiyo tumesimama hapa. Yeye yuko chumba cha mbele, mimi cha nyuma, kina kitanda cha chuma na meza ambayo mguu wake mmoja ni mfupi. Juu ya meza hiyo ndipo ninapoandika haya.

Binti yetu mkubwa ameacha kuniita baba. Ananiita mzee, kama watu wengine.

Fedha zote za gari alipokea mke wangu. Wiki ya tatu baada ya mimi kuondoka alijiandikisha shule ya udereva. Hakunipa habari, nilizisikia kwa binti. Mtihani wa kwanza alishindwa kurudi nyuma kati ya vigingi. Wa pili alipita. Akanunua gari dogo jekundu, la mtumba, akawa analiegesha uani.

Jumanne iliyopita binti alikwenda kumwona. Alikuta mlango umefungwa, ufunguo ameachiwa jirani, na jirani hakuachiwa neno lolote. Gari dogo halikuwepo. Simu ya mke wangu imezimwa tangu siku hiyo.

Mama anayeuza mafuta kituoni anasema alimwona asubuhi hiyo. Alijaza tangi, akaongeza upepo magurudumu yote manne, akauliza njia ya kaskazini.

Sisi tuko kusini.